Kulipa kodi ya gari Uingereza kwa kutumia bima ya muda mfupi: hatua kwa hatua

Ukinunua gari lililotumika Uingereza, kodi aliyolipa muuzaji haikufuati. Ndivyo ilivyo tangu tarehe 1 Oktoba 2014, siku ilipoondolewa stika ya karatasi ya kodi. Gari likibadilisha mikono, DVLA, idara ya serikali ya usajili wa magari na leseni, humrudishia muuzaji pesa ya miezi mizima iliyobaki, na wewe unaanza kulipa upya kabla hujalitoa barabarani. Bima ya mwaka mara nyingi huwa bado hujaipata. Hapo ndipo bima ya muda mfupi inapofaa.

Wengi hukwama kwa kudhani bima na kodi ni kitu kimoja. England, Wales na Scotland, tangu Desemba 2013 hakuna anayekudai cheti cha bima unapolipa kodi. Malipo yatapita hata kama gari halina bima kabisa, na kupita huko kusikudanganye. Tangu 2011 sheria inataka kila gari liwe na bima muda wote, labda tu liwe limetangazwa rasmi kuwa haliko barabarani, jambo linaloitwa SORN. Ireland ya Kaskazini ni tofauti: ukilipia posta, beba cheti cha bima cha karatasi. Kwa hiyo ichapishe PDF ya cheti unayotumiwa na kampuni ya bima, usitegemee simu.

Hatua ya 1: Angalia MOT

Ingiza namba ya gari kwenye GOV.UK, tovuti ya serikali, uone MOT, yaani cheti cha ukaguzi wa gari wa kila mwaka, inaisha lini. Ikiwa imeisha, kodi haitalipika. Unaruhusiwa kuliendesha gari lisilo na kodi kwenda kwenye ukaguzi uliokwisha kuwekewa miadi, lakini bima lazima iwepo.

Hatua ya 2: Chagua muda wa bima

Bima hizi huuzwa kuanzia saa moja hadi takriban siku 28. Ushauri wangu ni kuachana na zile za saa chache na hata ya siku moja. Chukua wiki moja, au mbili ikiwa mfuko unaruhusu. Ya siku moja inatosha kulifikisha gari nyumbani, lakini kesho yake asubuhi gari halina bima, na kadi ya usajili wa gari (V5C) yenye jina lako haijafika. Sababu ya kulitilia mkazo jambo hili iko hatua ya 5.

Bima ya chini ya mwezi mmoja haina zile siku 14 za kubadili mawazo, kwa hiyo usinunue kabla hujaliona gari na kukubaliana bei. Pia haikuongezei mwaka kwenye punguzo la bei wanalopewa wasiodai fidia.

Wenye leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda wasome masharti kabla ya kulipa. Unaweza kuendesha kwa leseni hiyo kwa miezi 12 tangu uwe mkazi, ila kampuni nyingi za bima ya muda mfupi huikataa. Fomu ikikuuliza aina ya leseni, jibu ukweli. Kuchagua "leseni ya Uingereza" ili fomu ipite kunaweza kukuachia bima isiyolipa chochote siku ya ajali.

Hatua ya 3: Jaza fomu ya bima, polepole

Hapa ndipo saa nyingi hupotea, na makosa yenyewe ni madogo.

La kwanza ni namba ya gari. Herufi O na tarakimu 0 hufanana, vilevile I na 1. Kwa magari yaliyosajiliwa England, Wales na Scotland tangu Septemba 2001 muundo wa kawaida ni herufi mbili, tarakimu mbili, herufi tatu, kwa hiyo nafasi ya tatu na ya nne ni tarakimu. Fomu ikikuletea aina ya gari na rangi, zilinganishe na gari lililo mbele yako. Ukikosea herufi moja umelikatia bima gari la mtu mwingine, nawe hutajua mpaka kamera za polisi zikusimamishe. Gari lenye namba maalumu ambayo mwenye gari aliinunua lina mtego wake: muuzaji akibaki na namba yake, gari linarudia namba nyingine. Muulize mapema, na ukate bima kwa namba itakayokuwa kwenye gari siku unayoliondoa.

La pili ni saa ya kuanza. Bima huanza kwa dakika. Ukiandika saa 8:00 kwa mazoea ya saa ya Kiswahili, mfumo unaelewa ni asubuhi, saa mbili yetu. Saa nane mchana iandike 14:00. Weka ianze nusu saa kabla ya muda unaotarajia kuondoka, kwa sababu kuanza kuendesha dakika kumi mapema ni kuendesha bila bima: pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni. Kwa aliyepata leseni ya kwanza ndani ya miaka miwili, pointi hizo 6 zinatosha kufutiwa leseni.

La tatu ni matumizi. Bima nyingi za namna hii ni za shughuli binafsi tu. Kusambaza chakula au kubeba abiria wa kulipa hakumo. Na ikiwa gari limeshikwa kwenye yadi ya polisi, bima ya kawaida ya muda mfupi hailitoi. Yadi hudai bima maalumu, kwa kawaida ya siku zisizopungua 30.

Kifungu cha kuendesha magari ya wengine kilichomo kwenye bima ya gari lako la zamani usikitegemee. Ni bima ndogo, kwa kawaida hakigusi gari unalolimiliki mwenyewe, wala hakifanyi gari jipya lihesabiwe kuwa na bima.

Ukishalipa, hifadhi cheti kwenye simu kwa namna ya kufunguka bila intaneti. Kisha tafuta gari kwenye hifadhidata ya kitaifa ya bima za magari (huduma ya mtandaoni ya kuiangalia ilijulikana kama askMID). Taarifa zinaweza kuchelewa kuingia, na polisi hutazama hifadhidata hiyohiyo, kwa hiyo cheti ndicho utetezi wako barabarani. Wauzaji wa bima wa kwenye WhatsApp na Instagram waepuke kabisa. Vyeti vyao vingi ni vya kughushi, na anayeadhibiwa ni dereva. Hakikisha kampuni imo kwenye rejista ya FCA, mamlaka inayosimamia kampuni za fedha na bima.

Hatua ya 4: Lipa kodi

Nenda GOV.UK, ni haraka kuliko foleni ya posta. Tumia namba ya tarakimu 12 iliyo kwenye kile kipande cha kijani cha V5C anachokukatia muuzaji. Usitumie namba ya tarakimu 11 iliyo kwenye kadi yake, hata akikuonyesha kwa nia njema. Kodi hiyo itasajiliwa kwa jina lake, gari likihama itafutwa, na marejesho yatamwendea yeye.

Kama muuzaji hana V5C, fomu ya V62 ya kuomba V5C mpya inapatikana, kwa pauni 25. Mimi nisingelinunua gari hilo.

Kodi huhesabiwa tangu tarehe 1 ya mwezi. Ukinunua tarehe 29, unalipia mwezi mzima kwa siku chache tu. Kubalianeni mkabidhiane tarehe 1. Kulipa mwaka kwa mkupuo hakuna nyongeza. Makato ya benki ya kila mwezi huongeza asilimia 5. Gari lisilotozwa kitu, kama la zamani lililopita miaka 40, nalo lazima lisajiliwe kodi ya sifuri.

Hatua ya 5: Kabla bima fupi haijaisha

Kodi itaendelea kuwa hai bima ikifa, na kwa hiyo hakuna ujumbe wa kukukumbusha. DVLA hulinganisha kumbukumbu zake na za bima. Gari likionekana halina bima wala SORN, hata kama limeegeshwa uani kwako, inakuja barua ya onyo, kisha faini ya pauni 100, na gari linaweza kufungwa gurudumu au kuchukuliwa.

Weka kengele ya simu siku tatu kabla. Bima ya mwaka ianze dakika ileile ya muda mfupi inapoisha, isiwe kesho yake.

Kama hutaki bima ya mwaka, tangaza SORN na uliweke gari nje ya barabara ya umma. Mtandaoni inataka V5C yenye jina lako. Kwa namba yake ya tarakimu 11, SORN huanza mara moja na miezi mizima ya kodi iliyobaki hurudishwa. Ukiwa na kipande cha kijani tu, itakubidi utume fomu ya V890 kwa posta. Kwa sababu hiyo bima ya siku moja haitoshi: barua bado iko njiani na kinga imekwisha. Mwombe muuzaji aijulishe DVLA mtandaoni mkiwa mmesimama pamoja, maana V5C hufika ndani ya siku chache, wakati kwa posta ni wiki kadhaa.