Kabla Hujatuma Pesa China: Mambo ya Kuzingatia kwa Anayeagiza Kontena la Kwanza

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanaotaka kuanza kuagiza mzigo wenyewe huuliza kwanza bei ya kiwandani. Mimi ningewashauri waanze na kalenda. Bei ya koki ya sinki huko Guangzhou unaweza kuipata kwa simu usiku huu huu. Kinachoua biashara ni mtaji kukaa baharini huku rafu ziko tupu, kodi ya fremu inadaiwa na mteja wako wa siku zote keshamzoea jirani.

Kwa hiyo hesabu siku, tangu pesa inatoka mkononi mwako hadi mzigo unaingia stoo. Tuseme kiwanda kinataka siku 25 kutengeneza, 10 za kufikisha mzigo bandarini na kusubiri meli, 30 za majini, na 10 za kuutoa mzigo Bandari ya Dar es Salaam. Jumla ni siku 75. Kama unauza koki 30 kwa siku, utakuwa umeuza 2,250 kabla oda mpya haijafika. Ongeza akiba ya siku 15, yaani koki 450, kwa ajili ya meli kuchelewa au wateja kuongezeka ghafla. Maana yake, siku koki za stoo pamoja na zilizoko njiani zikibaki 2,700, hiyo ndiyo siku ya kutoa oda, hata kama kwa macho unaona stoo imejaa pomoni. Hapa ndipo wengi wanapoumia: wanaagiza kwa kuangalia rafu, na rafu haijui kwamba kuna siku 75 mbele. Na kama mtaji hautoshi kubeba akiba yote hiyo, punguza aina za bidhaa. Usiguse akiba ya ile inayotembea.

Kwenye kalenda hiyo weka pia Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya tarehe 21 Januari na 20 Februari. Wafanyakazi wa viwandani hurudi kwao, uzalishaji husimama, na wiki chache kabla yake kila mwagizaji anagombea nafasi melini. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni ya mapumziko. Halafu kuna yale yasiyo na tarehe. Machi 2021 meli ya Ever Given ilikwama siku sita katika Mfereji wa Suez, na tangu mwishoni mwa 2023 mashambulizi ya Bahari ya Shamu yalizifanya meli nyingi za Ulaya zizunguke Rasi ya Tumaini Jema. Mzigo wa China kuja Dar haupiti huko, lakini meli na makontena ya dunia ni yale yale. Yakikawia njia moja, uhaba na nauli vinasikika njia nyingine. Ile akiba ya siku 15 ina kazi yake.

Kuhusu kiasi cha kuagiza, swali ni la zamani. Mwaka 1913 mhandisi Mmarekani, Ford W. Harris, alichapisha kanuni ya kulinganisha gharama za kuagiza na gharama za kuhifadhi: ukiagiza kidogo kidogo, nauli na makaratasi vinakula faida, ukiagiza kwa wingi, pango la stoo na mtaji uliolala vinaikula vilevile. Kontena la futi 20 lina nafasi ya mita za ujazo kama 33, ila ukipanga makatoni hesabu 28. Omba vipimo na uzito wa kila katoni kabla ya kulipa, kwa sababu ndoo za plastiki hujaza nafasi mapema ilhali vyuma hufikia kikomo cha uzito kontena likiwa bado na uwazi. Mzigo ukiwa mdogo, kushea kontena na wengine si aibu, ingawa utawasubiri na wao.

Sampuli ije kwanza, uishike mwenyewe. Kama ni kifaa cha umeme, kiwe cha volti 230 na plagi ya pini tatu bapa inayotumika kwetu. Malipo kwa kawaida huwa asilimia 30 ya kuanzia na 70 kazi ikiisha; mkaguzi asiye wa kiwanda aufungue mzigo kabla hujatoa hiyo 70, maana baada ya hapo huna tena cha kumshikia mwenye kiwanda. Uliza mapema Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kama bidhaa yako inahitaji cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa. Hicho hutafutwa mzigo ukiwa bado kule.

Sasa bei halisi. Chukua mzigo ambao thamani yake pamoja na bima na nauli ni shilingi milioni 10, ulio kundi la ushuru wa asilimia 25 katika Afrika Mashariki. Ushuru ni milioni 2.5. VAT ya asilimia 18 inakokotolewa juu ya milioni 12.5, nayo ni milioni 2.25. Umefika milioni 14.75, na bado hujagusa tozo nyingine, wakala wa forodha, gharama za bandari, kampuni ya meli na lori. Aliyesajiliwa VAT ataidai kwenye marejesho yake, lakini pesa taslimu lazima iwepo siku hiyo. Mpe wakala ankara na orodha ya mzigo akupigie hesabu hii kabla hujaweka oda, na nakala ya hati ya shehena mara tu meli inapoondoka, ili aanze kazi mzigo ukiwa bado majini.

Mwisho, jua kontena litashushwa wapi. Kama fremu iko mtaa ambao lori refu haliingii mchana, tafuta eneo la kushushia, vibarua na gari dogo mapema, kwa sababu kontena tupu nalo lina siku zake za kurudishwa, na zikipita unalipa kila siku.