Kumsoma Ken Walibora bila mwongozo

Kwanza ficha mwongozo. Nimefundisha Kiswahili miaka kumi na sita katika shule ya kutwa kando ya barabara ya Kitale kwenda Kapenguria, na nimeona kwamba mwanafunzi akishajua kuna kijitabu cha kumwambia dhamira, sifa za wahusika na tamathali za usemi, riwaya yenyewe haigusi tena. Mwaka mmoja tulipokuwa na riwaya ya Kidagaa Kimemwozea nilimwuliza msichana wa kidato cha tatu, Amani anafanya kazi gani kwa Mtemi Nasaba Bora? Akasimama wima: "Mwalimu, Amani ni mvumilivu, mwenye utu na mwenye kusamehe." Sifa tatu safi, alama angepata. Kwamba Amani anachunga ng'ombe, hakuwa na habari.

Tangu siku hiyo nikaanzisha kikundi cha kusoma kila Alhamisi baada ya michezo. Hatuandiki mtihani wala hatutoi alama. Kazi yetu ni vitabu vya Ken Walibora tu, mwandishi wa riwaya wa Kenya, na haya ndiyo tunayoyafanya. Mwalimu mwenzangu, au mzazi mwenye kijana asiyependa kusoma, chukua litakalokufaa.

Anza na Siku Njema, hata kama mwaka huu shuleni kwenu kinatahiniwa kitabu kingine. Kilitoka 1996, na ndicho kilichomtambulisha. Kongowea Mswahili anatusimulia kwa kinywa chake mwenyewe, na hapo ndipo kijana ananaswa, maana anahisi mwenzake anamwambia siri. Mama yake, Zainabu Makame, ni mwimbaji wa taarabu Tanga. Mama anafariki, mtoto anabaki na maswali kuhusu baba asiyemjua, na anavuka mpaka kuja Kenya kumtafuta. Usiwaeleze mwisho. Hata ukiulizwa mara ngapi, usiseme.

Tafuta kalenda kuukuu ya ukutani, igeuze upande mweupe, mchore juu yake Afrika Mashariki. Haihitaji uzuri, yetu Ziwa Viktoria linafanana na kiazi. Kila msomaji akikuta jina la mahali ndani ya riwaya, anaweka nukta na kuandika namba ya ukurasa. Tanga inaingia, Mombasa inaingia, na uzi mwekundu unafuata. Uzi ulipokaribia huku kwetu Kitale, kijana mmoja ambaye muhula mzima hakuwahi kufungua mdomo alisema, "Kumbe anakuja hapa?" Nilitamani kumkumbatia. Walibora alikulia katika kaunti hii hii ya Trans Nzoia, upande wa Cherangani. Wengi wa wanafunzi wangu walidhani waandishi wa Kiswahili huzaliwa Lamu au Unguja.

Hapo pana mjadala usioupata katika mwongozo. Mwandishi ni Mbukusu wa bara, naye anampa shujaa wake jina la Mswahili. Waulize: Mswahili ni nani? Wape nusu saa, wewe kaa kimya. Watabishana kuhusu kabila, dini, lafudhi, hata mavazi. Kijana mmoja alisema Mswahili ni mtu yeyote anayeota kwa Kiswahili. Msichana aliyekuwa kando yake akamjibu kwamba yeye huota kwa Kipokoti lakini huhesabu pesa kwa Kiswahili, je, yeye ni nusu? Sikuwa na jibu na sikutafuta.

Swali la pili nililowapa ni la jina la kitabu. Methali inasema siku njema huonekana asubuhi. Asubuhi ya Kongowea ina wema gani? Mwandishi anaikubali methali au anabishana nayo? Wanafunzi wangu hugawanyika kila mwaka, nami kila mwaka nahama upande.

Mkimaliza hicho, pumzikeni kwa Ndoto ya Amerika. Ni kifupi, lugha yake ni nyepesi, na kinazungumzia tamaa ambayo kila mtoto mwenye simu anaijua. Mwanafunzi dhaifu anaweza kukimaliza mwenyewe, na kumaliza kitabu kizima kwa mara ya kwanza ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani sisi tuliokwisha sahau.

Kisha Kidagaa Kimemwozea. Hiki wengi wanakijua kwa sababu kilitahiniwa katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya, kuanzia 2013, na kwa sababu hiyo hiyo wengi wanakichukia. Kukirudishia ladha kunahitaji ujanja. Mimi ujanja ulinijia kwa bahati mbaya. Ijumaa moja nilinunua omena mbichi, yaani dagaa, sokoni, nikaziweka kwenye droo ya meza yangu, nikasahau. Jumatatu mlango ulipofunguliwa walimu wote walitoka nje. Nikawaita kikundi changu wanuse kabla sijazitupa. Nikawauliza, mtu aliyeficha kitu hiki ndani ya nyumba yake, atakificha mpaka lini? Tangu hapo sijapata mtu wa kuniuliza maana ya kidagaa kumwozea mtu.

Sasa soma nao kisa cha mswada, polepole, kwa sauti. Amani ameandika riwaya. Mswada unaangukia mikononi mwa Majisifu, ndugu yake Mtemi, mwalimu na mwandishi wa kusifika, naye anauchapisha kwa jina lake. Jina la riwaya iliyoibwa ni Kidagaa Kimemwozea. Waache waligundue hilo wenyewe, ukiwaambia umeharibu. Atatokea mmoja atakayegeuza jalada, alitazame, arudi ndani, alitazame tena. Halafu warudishe nyuma kwa Kongowea, anayeitwa pia Msanifu Kombo, kijana hodari wa lugha. Mara mbili mwandishi huyu ameweka katikati ya hadithi kijana maskini mwenye kalamu. Mimi naona hiyo ndiyo mada aliyoibeba kuliko zote, nayo miongozo niliyoisoma huipa mstari mmoja, chini ya ufisadi na elimu.

Hapa ndipo mahali pa kueleza maisha yake. Usiyaweke mwanzoni, mwanzoni wanayaona kama tangazo la mazishi. Walibora alifanya kazi ya afisa wa probesheni, akawa msomaji wa habari za Kiswahili katika televisheni, akaenda Chuo Kikuu cha Ohio State kusomea uzamifu, akafundisha Wisconsin-Madison, kisha akarudi nyumbani, akafanya kazi tena katika habari, kwenye kampuni ya Nation, na baadaye Chuo Kikuu cha Riara. Utafiti wake ulihusu maandishi ya waliofungwa jela barani Afrika. Ukishawaambia hilo, wapeleke kwenye sura ya Kidagaa ambapo Amani na mwenzake Imani wametiwa seli kwa kosa wasilolifanya. Waulize ni mtu gani angeweza kuiandika seli namna hiyo. Watajibu wenyewe.

Alifariki Aprili 10, 2020, kwa kugongwa na matatu Nairobi. Nikifika hapo huwa sirefushi. Kuna wawili watatu darasani waliopoteza mtu barabarani.

Nina lawama zangu pia, na mwanafunzi anastahili kuzisikia ili asidhani tunaabudu. Majina katika Kidagaa yanasema mno. Nasaba Bora, Majisifu, Madhubuti: kabla mhusika hajafungua mdomo umeshajua atakavyotenda. Watahini wanapenda, wanaita majazi. Mimi huwapa zoezi: mbadilishie Majisifu jina, mpe jina la kawaida la jirani yako, soma upya ukurasa mmoja. Je, anatisha zaidi au anapungua? Kwa maoni yangu mwizi anayeitwa Wekesa anatisha zaidi. Na methali zake wakati mwingine zinapangana kama abiria wa Ijumaa jioni. Yeye alikuwa na kipaji cha kuzibeba. Mwanafunzi akiiga, insha inaanguka kifudifudi.

Kwa hiyo wanapofika kuandika hadithi zao, sheria ni mbili. Ya kwanza, hakuna methali mpaka ukurasa uishe. Ukimaliza, unaruhusiwa kuingiza moja, na uoneshe kwa kidole ulichokifuta kuipa nafasi. Ya pili, mhusika awe njiani, na njia hiyo uwe umeipita kwa miguu yako. Msichana wa Kipokoti aliandika kuhusu dada aliyetumwa posho mill na debe la mahindi, akakuta umeme umekatika, akakaa pale mpaka giza likaingia akisikiliza wanawake wakimsema mama yake bila kujua yeye ni nani. Kurasa tatu. Nilizisoma nimesimama.

Nasikia Sauti ya Mama, tawasifu yake, iache iwe ya mwisho, tena kwa wale wanaoomba wenyewe. Atakayeisoma baada ya Siku Njema atamkumbuka Zainabu na uimbaji wake bila kuambiwa na mtu.

Neno la vitabu vyenyewe: huhitaji nakala thelathini, tano zinatosha kikundi cha watu kumi na watano. Tafuta kwa wauza vitabu vya mitumba. Kabla hujalipa, hesabu kurasa za katikati, maana ndizo hung'oka kwanza, na uangalie kama ni riwaya, isiwe mwongozo wenye jalada linalofanana nayo; nimewahi kurudi nyumbani na miwili. Maandishi ya penseli pembeni usiyafute. Nakala yetu moja ya Siku Njema ina majina ya wenye kitabu wanne ndani ya jalada, na chini yake onyo kwa mwizi kwa kalamu nyekundu. Karibu na ukurasa wa mwisho mmoja wao ameandika "HAPANA!!" kwa herufi kubwa. Kila mwaka kikundi kizima husoma mbio ili kifike hapo.