Jinsi ya kumshtaki daktari mdanganyifu kwa baraza lake nchini Kenya

Malalamiko kuhusu daktari aliyedanganya kazini hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, jijini Nairobi. Kwanza hakikisha ni daktari kweli. Wengi humwita yeyote aliyevaa koti jeupe "daktari", ilhali afisa wa kliniki ana baraza lake, muuguzi ana lake, na mfamasia yuko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Barua ikienda pasipofaa, unapoteza wiki nzima nzima.

Tafuta jina lake kwenye rejista iliyo katika tovuti ya KMPDC. Leseni hulipiwa upya kila mwaka, kwa hiyo angalia ile ya mwaka uliotibiwa. Angalia ubingwa pia: anayejitangaza bingwa wa upasuaji huku rejista haimtambui hivyo ana swali la kujibu. Jina lisipoonekana, jaribu majina yake yote na tahajia tofauti. Likikosekana kabisa, piga ripoti polisi pia, maana kutibu watu bila leseni ni jinai.

Kinachoamua kesi nyingi za udanganyifu ni faili la mgonjwa. Liombe mapema, kabla ya malalamiko, kwa sababu faili linaweza kuongezewa maandishi. Andika barua ukitaja Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kanuni zake zinaipa hospitali inayoshikilia data yako siku 7 kukujibu. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Usiombe tu "rekodi zangu", utapewa karatasi moja ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Taja kila kitu: maelezo ya daktari ya kila siku, fomu ya ridhaa, majibu ya maabara, chati ya dawa, bili yenye mchanganuo, na madai yaliyotumwa kwa bima au SHA, yaani mamlaka ya bima ya afya ya umma. Kama hospitali hutumia kompyuta, omba pia kumbukumbu za nani aliandika au kubadilisha nini, na saa ngapi.

Kisha linganisha. Bili inadai upasuaji, lakini hakuna rekodi ya nusukaputi wala fomu ya ridhaa. Ridhaa imetiwa saini saa ambayo chati inasema mgonjwa amezimia. Cheti cha likizo ya ugonjwa kina tarehe ambayo hapakuwa na ziara. Hapo ndipo uongo unapoonekana. Mgonjwa kufariki, kwa uchungu wake wote, peke yake hakuthibitishi udanganyifu. Huenda ni uzembe, au si kosa la mtu. Tenganisha mambo haya kwenye barua ya malalamiko.

Andika kwa mpangilio wa tarehe, tukio moja kwa aya, na namba ya kiambatisho pembeni. "Daktari huyu ni katili" haichunguziki. "Tarehe 4 alitoza vipimo viwili, maabara ina kimoja" inachunguzika.

Baraza litamtaka daktari ajibu, lichunguze, na likiona kuna kesi liisikilize. Linaweza kumwonya, kumpeleka mafunzoni, kumsimamishia leseni au kumfuta kwenye rejista.

Ukitaka fidia, muone wakili sasa, usingoje uamuzi. Muda wa mahakama hausimami: kwa uzembe ni miaka 3, na dhidi ya serikali miezi 12 tu.