Kupima kasi ya kutaja tarakimu kwa mtoto anayekwama kwenye hesabu

Mwalimu mwenzangu wa P.3 (darasa la tatu la msingi) hapa Nakivale, makazi ya wakimbizi kusini-magharibi mwa Uganda, ameniomba nimwandikie tulivyowapima wanafunzi wake. Kipimo hiki hakimtangazi mtoto kuwa mgonjwa. Kinasaidia kujua anakwamia wapi.

Hatua ya 1. Macho na masikio yakaguliwe kwanza.

Hatua ya 2. Chagua lugha. Hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Mtoto wa hapa huongea Kiswahili cha Kongo nyumbani, Kinyankole sokoni, Kiingereza darasani. Ukimpima kwa lugha asiyohesabia, atachelewa kwa kutafuta neno, nawe utaandika kwamba ni mzito. Usimuulize anataka lugha gani, maana atataja Kiingereza ili akufurahishe. Mpe vifuniko vya soda avihesabu peke yake, kisha sikiliza anachonong'ona. Hiyo ndiyo lugha yake ya hesabu. Akichanganya katikati ya zoezi, "mbili, ina, six" ("ina" ni nne kwa Kinyankole), usimsahihishe; andika alivyosema, urudie siku nyingine.

Tena, usilinganishe watoto wa lugha tofauti. Kwa Kinyankole, 6 hadi 9 ni mukaaga, mushanju, munaana, mwenda: matatu ya mwanzo yana silabi tatu tatu, na yote manne yanaanza na m. Maneno marefu yenye sauti zinazokaribiana ni magumu kushika kichwani, hivyo mtoto anaweza kukumbuka machache bila kuwa na kasoro yoyote.

Hatua ya 3. Kwenye karatasi ya manila andika 2, 4, 6, 7 na 9 zikichanganywa, mistari 5 ya tarakimu 10. Hakikisha anazijua zote tano, kisha azitaje upesi bila kuruka, ukipima sekunde kwa simu. Rudia kwa picha tano anazozijua: ndizi, jembe, mbuzi, kiti, jicho. Akichelewa kote, chunguza na kusoma kwake. Programu za simu sizipendi kabisa. Mtoto huanza kuchezea kioo.

Hatua ya 4. Sasa pima anashika tarakimu ngapi kichwani. Msomee tarakimu, moja kila sekunde, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, azirudie. Anza na mbili, ongeza moja moja. Kila urefu mara mbili. Akikosa zote mbili, simama. Kisha arudie kinyumenyume.

Hatua ya 5. Mlinganishe na wenzake wa darasa wanaohesabia lugha hiyo hiyo. Majedwali ya kulinganishia ya watoto wa Ulaya yaache.

Hatua ya 6. Akionekana yuko nyuma ya wenzake, mpe agizo moja kwa wakati, na hatua ziandikwe ubaoni. Mashindano ya hesabu za kichwa mwondolee. Maswali yale yale ayafanye kwenye daftari, bila kuhesabiwa muda.