Somo: Kujenga rova ya magurudumu sita na kuijaribu kwenye mawe na mchanga wa Mwanza

Rova za Mirihi, yaani magari ya roboti yanayochunguza sayari hiyo, haziendeshwi kama gari la rimoti. Wimbi la redio kutoka Duniani hufika huko baada ya dakika 3 hadi 22, kutegemea umbali uliopo kati ya sayari hizo mbili, kwa hiyo ukiliona jiwe kwenye picha, rova inaweza kuwa imeshaligonga. Madereva wa Curiosity na Perseverance, rova mbili za NASA, kwa kawaida huandika safari ya siku nzima, huituma, kisha husubiri majibu. Somo hili linahusu rova ndogo ya kilo 8 hivi inayofundisha kazi hiyo hiyo: kupanda mawe bila kupinduka, kutambua gurudumu linapoanza kuteleza, na kufuata maagizo yaliyoandikwa mapema. Kwa uwanja wa majaribio hatuna haja ya kwenda mbali. Graniti ya Capri Point na mchanga wa Luchelele vinatosha.

Hatua ya 1: Magurudumu na mota

Kata bomba la maji taka la inchi 4 (kipenyo cha nje mm 110) vipande sita vya sm 6. Ziba kila kipande kwa duara la plaiwudi ya mm 12, gundi pamoja na skrubu nne. Nje panga meno 24 ya alumini yenye kimo cha mm 5. Usiyafanye marefu zaidi, maana yanachimba badala ya kusukuma.

Mota ziwe za gia, volti 12, mizunguko 10 kwa dakika. Wengi hununua za mizunguko 100 kwa sababu zinapendeza zikizunguka mezani, kisha zinagoma kwenye jiwe la kwanza. Mzingo wa gurudumu hili ni sm 34.6, kwa hiyo mizunguko 10 inakupa sm 5.8 kwa sekunde. Hiyo si mwendo wa pole kupita kiasi: Curiosity yenyewe, kwenye ardhi tambarare na ngumu, haizidi sm 4 hivi kwa sekunde.

Nguvu ya kuzungusha: rova ya kilo 8 kwenye mteremko wa digrii 30 inahitaji msukumo wa Newton 39, sawa na Nm (Newton-mita) 0.36 kwa kila gurudumu. Lakini kuna wakati magurudumu mawili tu ndiyo yanayosukuma na mengine yananing'inia. Chukua mota za Nm 1.5 au zaidi (wauzaji huandika 15 kg·cm).

Hatua ya 2: Mikono

Hapa ndipo rova nyingi zinapoharibikia, kwa hiyo pima mara mbili. Mafundi wa madirisha ya alumini huwa na mabaki ya bomba la mraba la mm 25, na hayo yanafaa. Kila upande una mikono miwili. Mkono mkubwa unabeba gurudumu la mbele. Mkono mdogo umeungwa nyuma ya ule mkubwa, nao unabeba gurudumu la kati na la nyuma. Hakuna springi popote.

Weka ekseli ya mbele kwenye sm 0, ya kati sm 30, ya nyuma sm 60. Kiungo cha mkono mdogo kikae sm 45, katikati kabisa ya magurudumu yake mawili. Kiungo cha mkono mkubwa na bodi kikae sm 30. Kwa vipimo hivyo theluthi moja ya mzigo wa upande huo inakwenda gurudumu la mbele na theluthi mbili zinakwenda mkono mdogo, unaozigawa sawa. Kila kiungo kipate beringi mbili za 608 na bolti ya mm 8 yenye nati isiyolegea.

Nyuma ya bodi funga fimbo ya kisawazishi ya sm 40 yenye ekseli katikati, na kila ncha yake uiunganishe na mkono mkubwa wa upande wake kwa kijiti chenye viungo vinavyocheza kila upande. Mkono wa kushoto ukipanda, wa kulia unashuka, na bodi inakaa kwenye wastani wa mielekeo hiyo miwili. Bila fimbo hii bodi italala kifudifudi.

Ukimaliza, tafuta mzani wa jikoni. Weka gurudumu moja juu yake na mengine matano juu ya mbao zenye kimo sawa na mzani, usome, kisha uhamie la pili. Kila moja lisome karibu kilo 1.33. Likisoma 1.8 mbele na 1.1 nyuma, usiguse mikono: sogeza betri nyuma.

Hatua ya 3: Umeme

Betri ni seli sita za lithiamu, tatu kwa mfululizo, safu mbili za namna hiyo sambamba, volti 12.6 zikijaa, pamoja na bodi ya ulinzi. Fyuzi ya ampea 10 ikae karibu kabisa na betri. Kuendesha mota tumia bodi mbili za kuendeshea mota aina ya BTS7960, moja kila upande. L298N, bodi nyingine ya kazi hiyo hiyo, inapoteza volti 2 hivi kama joto, nawe unazihitaji volti hizo. Magurudumu manne ya pembeni yapate servo za kukunja kona, kwa kibadilishaji chao cha volti 6. Ubongo ni ESP32 (kompyuta ndogo ya chipu moja) pamoja na kamera na sensa ya mwinamo.

Hatua ya 4: Maagizo

Andika safari kwenye faili: mbele m 1.5, simama sekunde 10, soma mwinamo, ukizidi digrii 25 usiendelee, piga picha mbili, kunja kulia digrii 20. Programu ichelewe dakika 10 kabla ya kuanza kutekeleza. Dereva akae nyuma ya jiwe, mahali asipoweza kuiona rova, apokee picha tu. Mwenzake asimame karibu akiwa na swichi ya kuzima, wala asimpe dereva kidokezo chochote.

Hatua ya 5: Mchanga

Mchanga ulioloweshwa na mawimbi ni mgumu na hautakufundisha kitu. Panda mita chache juu, penye mchanga mkavu wa chengachenga za graniti. Weka alama kwenye gurudumu, hesabu mizunguko 10, pima kwa futi kamba. Ulitarajia m 3.46. Ukipata m 2.6, umeteleza asilimia 25. Ikifika 40, simama na urudi kwa njia uliyokuja nayo. Usijaribu kuongeza umeme, kwa sababu gurudumu linalozunguka bila kusonga linajichimbia shimo mpaka tumbo la rova liguse chini.

Mvua ikinyesha kisha jua likawaka, juu ya mchanga hujitengeneza ganda jembamba huku chini ukiwa laini. Spirit, rova nyingine ya NASA kule Mirihi, ilikwama penye ganda la namna hiyo mwaka 2009, ganda likavunjika chini ya magurudumu, na haikutoka tena. Mawasiliano ya mwisho yalikuwa Machi 2010.

Ongea na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) kabla ya kuanza, na usipite palipoanikwa dagaa. Usiingie majini kuokota kitu, kichocho kipo.

Maswali ya wanachama, kutoka maeneo mbalimbali ya Mwanza

*Ilemela: Wakuu, kwa nini tusitumie minyororo kama ya buldoza? Inapita popote.*

Ndugu, mnyororo ukikatika au jiwe likinasa ndani, safari imeisha. Gurudumu moja likifa, matano yanabaki. Gurudumu la mbele kulia la Spirit liligoma mwaka 2006, ikawa inatembea kinyumenyume ikiliburuta. Mwaka 2007 mfereji uliochimbwa na gurudumu hilo bovu ulifunua udongo wenye silika nyingi sana, dalili ya maji ya moto au mvuke wa zamani.

*Buswelu: Mvutano wa Mirihi ni asilimia 38 ya wa hapa. Majaribio ya ufukweni yana maana kweli?*

Yana maana, ukipunguza uzito. Wahandisi wa JPL, maabara ya NASA kule Pasadena, Marekani, wana gari la majaribio lisilo na kompyuta, Scarecrow, lililopunguzwa uzito ili magurudumu yake yakandamize ardhi karibu kama Curiosity kule Mirihi. Kwako kilo 8 zinakuwa 3: toa betri na bodi ya juu, lisha umeme kwa waya mrefu kutoka pembeni. Bado haitalingana kabisa, kwani kule hata mchanga wenyewe ni mwepesi zaidi.

*Nyegezi: Bomba la plastiki halitachanika kwenye graniti? Nimesikia hata ya Curiosity yalitoboka.*

Yalitoboka kweli dada, mashimo yalianza kuonekana mwaka 2013. Ngozi ya alumini ilikuwa na unene wa mm 0.75 tu, na mawe yenye ncha yaliyokita ardhini hayakusogea yalipokanyagwa. Perseverance ikapewa ngozi nene zaidi, na meno 48 badala ya 24. La kwako litapasuka kwanza kwenye skrubu, si katikati. Toboa tundu kubwa kuliko skrubu kwa mm 1, weka washa ya mpira wa tairi la baiskeli, na usikaze mpaka plastiki ibonyee.

*Igoma: Mota zikianza tu, ESP32 inajizima na kuwaka upya. Betri ni mpya.*

Mota sita zikianza pamoja zinavuta umeme mwingi na volti inashuka ghafla. Ipe ESP32 kibadilishaji chake cha volti 5, na kapasita ya µF 1000 kwenye njia yake. Kwenye programu ongeza nguvu ya mota taratibu kwa nusu sekunde, usiruke kutoka sifuri hadi kamili. Ikiendelea, kagua waya wa hasi: mara nyingi ni mwembamba mno, au lehemu imeshika nusu.