Kabla Hujagusa Mipangilio ya Kivinjari

Kwanza, kompyuta ni ya nani? Kwenye saiba ya Mwembe Tayari, kiti ulichokalia kilikuwa cha mwingine dakika tano zilizopita. Hapo usibadilishe kitu. Fungua dirisha fiche, lile lisilobakiza historia yako likifungwa, kwa Ctrl+Shift+N kwenye Chrome au Ctrl+Shift+P kwenye Firefox, na ukimaliza ufunge madirisha fiche yote. Lakini faili ulizopakua hubaki kwenye folda hata ukitumia dirisha fiche. Picha ya kitambulisho chako ifute kwa mkono, kisha umwage na pipa la taka.

Kama mashine ni yako, anza na nakala ya akiba. Kwenye Chrome bonyeza Ctrl+Shift+O ufungue ukurasa wa alamisho (bookmarks), fungua vidoti vitatu, uzihamishe ziwe faili ya HTML. Manenosiri nayo huhamishwa, ila hutoka katika faili ya CSV inayosomeka waziwazi kama orodha ya duka. Usiiache kwenye flashi ya kuazimana.

Wengi huumia kwenye kufuta data ya kivinjari, Ctrl+Shift+Delete. Visanduku vile havifanani. Ukifuta picha na faili za kurasa zilizohifadhiwa (cache), hasara ni bando tu, maana kurasa zitapakuliwa upya. Ukifuta vidakuzi (cookies), yaani vifaili vinavyoifanya tovuti ikukumbuke, unatolewa kwenye akaunti zako karibu zote kwa mpigo, na ukirudi nyingine zitataka msimbo wa SMS. Ikiwa laini uliyojisajili nayo ilishapotea, utabaki mlangoni. Basi hakikisha namba kwanza, ndipo ufute. Na kama umewasha usawazishaji (sync), unaounganisha kivinjari cha kompyuta na cha simu, historia unayofuta kwenye kompyuta hufutika na kwenye simu.

Stima ikipotea ghafla, chaguo la "Endelea ulipoishia" hukurudishia vichupo (tabs) vyako. Ni zuri kwa mashine ya peke yako. Kwa kompyuta ya nyumba nzima ni hatari: hurudisha pia vidakuzi vya kikao, vile ambavyo kwa kawaida hufutika ukifunga kivinjari, kwa hiyo anayefungua baada yako anaweza kukuta barua pepe yako iko wazi.

Madirisha ibukizi (pop-ups) yazuie, ila ukilipia kitu na risiti isitokee, usilipe mara ya pili! Tazama pembeni mwa upau wa anwani. Huenda kuna alama kuwa dirisha limezuiwa. Liruhusu kwa tovuti hiyo moja. Arifa za tovuti zizime zote.

Mzee akilalamika maandishi ni madogo, Ctrl na alama ya kujumlisha hukuza tovuti ile tu, na Ctrl+0 hurudisha 100%. Akitaka kote, nenda Mipangilio, kisha Mwonekano.

Badilisha kimoja, jaribu tovuti unazozitegemea, ndipo uguse kingine. Mambo yakivurugika kabisa, kuweka upya mipangilio ya Chrome huzima viendelezi (programu ndogo ulizoongeza kwenye kivinjari) na kufuta vidakuzi, lakini alamisho, historia na manenosiri hubaki.