Harakati Yako Mitandaoni: Anza na Ombi Moja

Kabla ya kufungua akaunti yoyote, andika sentensi moja inayotaja nani afanye nini, na mwisho lini. "Tunapigania maji safi" haitoshi, kwa kuwa msomaji ataafiki kisha apite zake. "Tunaitaka mamlaka ya maji itangaze matokeo ya vipimo kila mwezi, weka saini kabla ya tarehe 30" inampa kazi ya kufanya. Changamoto ya ndoo ya barafu ya mwaka 2014 ilibebwa na ombi la namna hiyo: jimwagie maji, jirekodi, changia, taja wenzako wafuate. Shirika la Marekani la ALS Association, linaloshughulikia ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, lilipata dola milioni 115.

Sasa chagua mitandao miwili tu: mmoja wa kutangazia, mwingine wa kuratibia. Ukifungua mitano, mitatu italala, na ukurasa uliolala huwafanya watu waamini harakati yenyewe imekufa. Kwenye Facebook tumia ukurasa, usitumie akaunti binafsi: akaunti binafsi ina ukomo wa marafiki 5,000, nao ukurasa unaweza kuwa na admini kadhaa.

Kwenye WhatsApp, angalia sana. Kundi huchukua hadi watu 1,024, na wanakikundi huweza kuona namba za wenzao. Kama jambo mnalolipigania lina maadui, mtu mmoja akijipenyeza ameshapata orodha yenu. Matangazo yapelekeni kwenye chaneli, ambako wafuasi hawaonani namba, na kundi libaki la wachache wanaofahamiana. Pia msitegemee ujumbe wa "sambaza kwa wote". Ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi hauruhusiwi kupelekwa zaidi ya sehemu moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo hukwama njiani. Waombeni watu waandike kwa maneno yao wenyewe na kuweka kiungo. Ujumbe wa hivyo husomwa kwa sababu mpokeaji anamjua aliyeuandika.

Kosa linaloumiza kuliko yote ni ukurasa kuwa mikononi mwa mtu mmoja. Akigombana na wenzake, akiugua au akipoteza simu, kazi yote imekwenda. Wekeni admini watatu, na barua pepe ya harakati yenyewe. Kila mmoja awashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani kuingia kwa nenosiri kisha namba ya siri ya muda, kwa programu maalumu ya kutoa namba za siri, si kwa SMS, maana mwizi akihamisha laini yako, SMS zote zinamfikia yeye. Mtu akijitoa, mwondoeni uadmini siku hiyohiyo.

Hashtagi iwe fupi. Itafuteni kwanza mwone kama wengine wanaitumia kwa jambo jingine. Anzeni kila neno kwa herufi kubwa, #MajiSafiSasa, ili programu zinazowasomea wasioona ziyatenganishe maneno. Epukeni kistari na ritifaa: #Ng'ombeWetu itakatika baada ya "Ng", na mazungumzo yenu yatatawanyika.

Video ya simu irekodiwe wima, pikseli 1080 kwa 1920. Tatizo litajwe katika sekunde tatu za mwanzo, nembo isubiri mwisho, na maneno yaandikwe chini kwa ajili ya viziwi na wanaotazama bila sauti. Kabla ya kupiga picha, zimeni kumbukumbu ya mahali kwenye kamera. Picha ikitumwa kama faili, inaweza kubeba nyumba ya mtu ilipo. Nyuso za watoto na za waliodhulumiwa msizioneshe bila ridhaa, hata kama picha ingegusa mioyo. Heshima yao ni sehemu ya mnachokipigania.

Takwimu ikikosewa, msifute kimyakimya. Kuna aliyekwisha kupiga picha ya skrini. Andikeni sahihisho palepale, mkieleza namba iliyo sahihi na mlikoitoa.

Kila wiki hesabuni saini, waliojitolea na waliohudhuria. Chapisho likipendwa na watu 900 na saini zikawa nne, fungueni kiungo kwa simu ya bei ndogo yenye intaneti hafifu: mara nyingi fomu ni ndefu, au inamtaka mtu ajisajili kwanza. Ibakizeni jina, eneo na kitufe cha kutuma, kisha chapisheni tena.